Kamera za mukebe: mbona Nyiragongo inapotea kwenye karatasi na ziwa linatoka vizuri?

#1 Jiwe_la_Himbi (Goma)

Jambo wote. Nadai hivi: kwa mtu wa kamera za tundu, Goma ni mji mgumu kuliko Bukavu, na sababu ni mlima wetu wa volkano, Nyiragongo.

Kamera zangu nazitengeneza kwa mikebe ya maziwa ya unga. Ubavuni nakata dirisha dogo, naliziba kwa kipande cha kopo la soda nilichokitoboa kwa ncha ya sindano, ndani napaka rangi nyeusi isiyong'aa, na gizani naingiza karatasi ya picha nyeusi-nyeupe upande unaotazamana na tundu. Skochi nyeusi, ile tepu ya gundi, ndiyo mlango. Hakuna lenzi, hakuna betri.

Nikielekeza Ziwa Kivu kutoka mtaa wa Himbi, picha inatoka ya kupendeza: mawimbi yamelala, mawe ya lava ya ufukweni yanaonekana hadi vile vitundu vyake vya mapovu. Nikiugeuza mukebe kaskazini asubuhi hiyohiyo, mabati yapo, miparachichi ipo, nguzo za umeme zipo, na juu yake weupe mtupu. Macho yangu yanauona mlima, karatasi haiuoni.

Mukebe una upana wa milimita 100, tundu 0.35 hivi, jua kali naacha wazi kama dakika moja. Nani amewahi kuupata ule mlima kwa karatasi, na alifanyaje?

#2 ChukuduYangu (Goma)

Mlima uliotukimbiza wote mpaka Sake mwezi wa tano 2021, leo karatasi inasema haupo? Weka foto tuone.

#3 Mukebe243 (Goma)

Tundu. Umesema "0.35 hivi". Umepima au umekadiria? Watu wengi wanasukuma sindano mpaka inapita yote, na hapo tundu linafika 0.7 au 0.8, kila cha mbali kinayeyuka.

Peleka hicho kipande duka la fotokopi, waambie wakiskani kwa nukta 1200 kwa inchi. Kila nukta ni milimita 0.021. Tundu lenye upana wa nukta 16 au 17 ndilo 0.35. Ukihesabu nukta 30, ugonjwa umeupata. Halafu pitisha kidole upande wa nyuma: ukigusa kinundu, piga msasa laini mpaka kiishe, kisha rudisha ncha ya sindano kwa kuizungusha bila kuisukuma. Kinundu kinatupa mwanga ovyo.

#4 Mwalimu_Fizikia (Goma)

@Mukebe243 kupima ni vizuri, ila tundu kubwa lingeharibu miti na nguzo pia. Yeye kasema miti ipo. Kosa liko kwenye karatasi.

Karatasi ya kusafishia picha inaona mwanga wa bluu, na aina za gredi nyingi zinaongeza kijani. Nyekundu haioni, ndiyo maana labo, chumba cha giza cha picha, inawashwa taa nyekundu. Sasa, kati ya Himbi na kilele kuna karibu kilomita 18 za hewa, na hewa hutawanya bluu kuliko rangi nyingine. Jicho lako linapokea rangi zote, linautenganisha mlima na mbingu. Karatasi inapokea bluu ya hewa iliyo mbele ya mlima na bluu ya mbingu iliyo nyuma yake, na hizo mbili zinakaribiana nguvu. Matokeo ni weupe mmoja. Kule ziwani unapiga mawe yaliyo hatua chache mbele yako, hewa haijapata nafasi ya kuharibu kitu.

Jaribio rahisi: angalia bati lenye kutu kwenye picha zako. Likiwa jeusi kuliko unavyoliona kwa macho, ujue karatasi yako ni kipofu wa nyekundu.

#5 Jiwe_la_Himbi

@Mwalimu_Fizikia bati la jirani yangu ni jekundu kwa kutu, kwenye picha ni jeusi tititi. Na matofali vivyo hivyo. Nitapima tundu pia, Mukebe243.

#6 Fundi_Mwanga (Goma)

Watoto wangu, sisi tulikuwa na dawa ya jambo hilo kabla hamjazaliwa. Unaweka chujio ya njano mbele ya kamera. Njano inakula bluu, ukungu unapungua, mawingu yanasimama. Picha za milima tulizowauzia watalii zilipigwa hivyo zote. Aweke kipande cha plastiki ya njano mbele ya tundu, basi.

#7 YayaNguba (Bukavu)

Muzee Fundi, heshima yako iko palepale, ila filamu zenu ziliona rangi zote. Karatasi ya gredi nyingi imetengenezwa kwa namna nyingine: bluu inaipa ukali wa weusi na weupe, kijani kinaipa ulaini. Ukiweka njano umeizuia bluu, umebaki na ulaini peke yake. Ukungu unapungua kweli, lakini tofauti ya mlima na mbingu nayo inapungua. Umetoa kwa mkono mmoja, umenyang'anya kwa mwingine.

Mimi njano naitumia sana, ila mtaani, saa sita, jua linapochoma ukuta mweupe na kivuli kikawa shimo. Kwa mlima wa mbali sijaona faida yake.

#8 Fundi_Mwanga

Basi atafute karatasi ya gredi moja. Zamani zilikuwepo gredi 2, gredi 3, kila moja kwenye bahasha yake.

#9 Mwalimu_Fizikia

Muzee, hizo ndizo zinaona bluu karibu peke yake. Ukiweka njano mbele yake umefunga mlango na dirisha, mwanga utakaobaki ni kidogo mno.

#10 Nesi_wa_Radio (Goma)

Naingilia kidogo, mimi ni wa chumba cha radio, yaani eksirei. Mnasahau filamu za radio. Zipo za aina mbili: zinazoona bluu tu na zile za kijani. Ile ya kijani inaona bluu na kijani vizuri, nyekundu hapana, kwa hiyo unaweza kuikata chini ya taa nyekundu. Kasi yake ya kunasa mwanga ni kubwa kuliko karatasi mara nyingi, na chujio ya njano haiigeuzi laini kama karatasi ya YayaNguba. Hospitali zinapohamia kwenye mashine za kompyuta, filamu zilizopita tarehe zinabaki kabatini. Omba kwa adabu, wengine wanatoa.

Shida yake ni moja: ina dawa pande zote mbili. Ukiigusa kwa kucha ndani ya beseni, imekwaruzika. Mimi naweka kioo chini ya beseni, naizungusha polepole, kipande kimoja kwa wakati.

#11 Mukebe243

Hiyo ya filamu ya radio ni nzuri. Ila mnahangaika na rangi wakati mlima wenyewe ni mdogo. Hesabu ninyi. Nyiragongo ina mita 3,470, mji uko kwenye mita 1,500 hivi. Tofauti karibu mita 1,970, umbali kilomita 18. Kwa mukebe wa milimita 100, mlima mzima una urefu wa milimita 11 kwenye karatasi. Mdomo wa juu, ambao una kama kilomita 1.2 kutoka ukingo hadi ukingo, ni milimita 6 au 7. Simu tumezoea kuivuta karibu, ndiyo maana tunauona mkubwa. Tundu la sindano halivuti chochote.

Fanya kamera ndefu. Boksi la viatu vya buti, au maboksi mawili yaliyoingiana mpaka sentimita 30. Mlima utakuwa na milimita 33, na hapo utautambua hata ukiwa hafifu.

#12 Mwalimu_Fizikia

Hesabu ni sahihi, nakubali. Lakini kitu kidogo hakitoweki kwa udogo. Nguzo ya umeme ina unene gani kwenye picha yake? Na ipo. Mlima ungekuwa mdogo na ukaonekana.

Kwa boksi la sentimita 30 asitumie tundu la 0.35. Kila urefu una tundu lake. Petzval katika karne ya 19 alitoa kanuni inayokupa 0.33 kwa milimita 100. Lord Rayleigh mwaka 1891 akaja na yake inayokupa karibu 0.45. Kwa milimita 300 ni kati ya 0.57 na 0.77. Tundu likiwa dogo mno, mwanga unajipinda kwenye kingo zake na picha inalegea tena.

#13 Mukebe243

Kwa hiyo Petzval au Rayleigh? Kwa mandhari ya mbali mimi niko kwa Rayleigh.

#14 YayaNguba

Mimi kwa Petzval. Tengeneza yote mawili kwenye mukebe mmoja, moja kila upande, uamue kwa macho yako.

#15 Jiwe_la_Himbi

Nimetoka duka la fotokopi. Nukta 17. Tundu halina shida. Kinundu kilikuwepo kidogo, nimekipiga msasa. Yule kijana wa fotokopi aliniuliza mara mbili kama kweli nataka kuskani kipande cha kopo.

#16 ChukuduYangu

Kamera ya tundu mimi niko nayo nyumbani tangu utoto, haina hata mukebe. Nyumba yetu ya mbao Majengo, ubao mmoja ulitokaga msumari. Asubuhi jua likipiga barabara, ukutani ndani ya chumba unaona barabara imepinduka: watu wanatembea kichwa chini, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inapita kwenye dari na magunia yake ya makaa. Mdogo wangu alikuwa anaogopa, anasema ni mizimu. Rangi zote zilikuwepo, hata nyekundu, Mwalimu.

#17 Mwalimu_Fizikia

@ChukuduYangu rangi zilikuwepo kwa sababu aliyetazama ni jicho lako. Weka karatasi kwenye ukuta ule, kanga nyekundu inatoka nyeusi.

Hiyo nyumba yenu ndiyo kamera ya kwanza duniani. Watoto wa shule wangeletwa hapo kabla ya kupewa kitabu.

#18 Pwani_Tulivu (Mombasa)

Hodi. Nafuatilia kutoka Pwani. Kamera hii aliivumbua Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Misri karne ya 11. Aliandika juu ya mwanga unaopita kwenye tundu na juu ya umbo la jua linapopatwa. Tumpe haki yake.

#19 Mwalimu_Fizikia

Haki yake tunampa, ila tuiweke sawa. Wachina wa wakati wa mwanafalsafa Mozi, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake, walishaeleza kwamba picha hupinduka ikipita kwenye tundu. Ibn al-Haytham alifanya majaribio kwa mpangilio na kueleza kwa nini. Kubakiza ile picha kwenye karatasi kulisubiri mpaka karne ya 19, chumvi za madini ya fedha zilipopata dawa ya kukazia, inayozuia picha isiendelee kuchomwa na mwanga.

#20 MwanaKamalondo (Lubumbashi)

Kupatwa kwa jua mumenikumbusha. Tarehe 1 mwezi wa tisa 2016 huku Lubumbashi jua lililiwa sehemu kubwa. Chini ya mwembe wetu kila kivuli cha jani kilikuwa na mwezi mwandamo, mamia, chini kwenye mchanga. Mapengo ya majani njo matundu. Batoto wanayakanyaga, hayafutiki.

Juu ya ule mlima wenu: mimi napigaga terril ya Gécamines, ile kilima ya mabaki ya kampuni ya madini, na ule mnara wa moshi, karatasi hiyohiyo, mukebe huohuo. Inatokaga nyeusi, safi, hata nikiwa mbali kidogo. Huku kwetu vumbi iko mingi kuliko kwenu. Kama shida ni hewa, mbona terril haipotei?

#21 Mwalimu_Fizikia

@MwanaKamalondo terril unaipiga ukiwa umbali gani? Kilomita mbili, tatu? Na ni jiwe jeusi. Mlima wetu uko mbali mara sita na mabega yake ni msitu.

#22 MwanaKamalondo

Nimepiga hadi kutoka mbali kuliko hapo, lakini kilomita 18 hapana. Sawa. Ila vumbi ni vumbi.

#23 Mtu_wa_Sake (Sake)

Nyote mnazunguka. Ule mlima unapumua. Gesi inatoka kileleni mchana na usiku, na upepo mara nyingi unaisukuma magharibi, kuja kwetu na kuelekea Rusayo. Sisi mvua ikinyesha tunajua ladha yake kwenye mapipa. Jiwe la Himbi yuko magharibi ya mji, anautazama mlima kwa kupitia pembeni mwa huo moshi. Aende Kibati au Kanyaruchinya, barabara ya Rutshuru, apige kutoka huko. Atakuwa karibu pia.

Na mawingu. Karatasi inakaa wazi dakika moja au zaidi, wingu linapita mbele ya kilele, linafuta. Jicho lako linakumbuka ile sekunde ulipouona, karatasi inajumlisha zote.

#24 Jiwe_la_Himbi

@Mtu_wa_Sake hoja ya wingu naielewa, lakini kuna asubuhi zisizo na wingu hata moja na bado weupe. Kibati ni wazo zuri, njia ikiruhusu.

#25 ChukuduYangu

Hapo kwa "njia ikiruhusu" nisimame kidogo, bila mchezo. Ndugu, mukebe uliofungwa skochi nyeusi na tundu mbele, ukiuacha juu ya jiwe kando ya barabara Goma ya leo, hakuna atakayefikiri ni kamera. Usiuache peke yake hata nusu dakika. Usielekeze uwanja wa ndege, daraja, kambi, wala mpaka, Grande au Petite Barrière. Fungua mukebe wa akiba usio na karatasi, wenye udadisi waone ndani. Wakishaona ni mukebe wa maziwa, maswali yanageuka kuwa mazuri.

#26 YayaNguba

Asante kwa hilo, ChukuduYangu. Mimi juu ya mikebe yote naandika kwa rangi nyeupe FOTO, na napiga nikiwa na mtu wa mtaa huo. Wanawake wa sokoni Kadutu sasa ndio wanaonishikia saa.

Kuna jambo hamjalitaja: mwezi wa mwaka. Tuko chini kidogo ya ikweta. Mwezi wa sita jua la saa sita liko upande wa kaskazini, nyuzi 65 juu. Jiwe anapoelekeza kaskazini wakati huo, anapiga kulielekea jua. Ukungu wote ulio mbele ya mlima unawaka. Mwezi wa kumi na mbili jua liko kusini, mgongoni mwake, linaupiga mlima usoni. Tena Juni mpaka Agosti ni kiangazi, watu wanachoma mashamba, moshi hauondoki. Jiwe, hizo picha ni za mwezi gani?

#27 Jiwe_la_Himbi

Nyingi za Julai na Agosti.

#28 YayaNguba

Hiyo hapo.

#29 Mwalimu_Fizikia

Inasaidia, na inakubaliana na yangu: ni bluu iliyotawanywa, ila imeongezwa na jua la mbele na moshi. Lakini amesema anapiga asubuhi, jua likiwa mashariki, kwa hiyo sehemu ya jua kaskazini haibebi kila kitu.

#30 Fundi_Mwanga

Niwaambie la mwisho, halafu nikanywe chai. Goma ni mji mweusi. Ardhi nyeusi, ukuta wa mawe meusi, barabara nyeusi. Fundi wa hapa tangu zamani anapimia ardhi, akiona giza anaongeza muda. Ukiongeza muda ili lava ionekane, mbingu inaungua, na mlima ulioko kwenye mbingu unaungua nayo. Bukavu ardhi ni nyekundu na majani ni mengi, ni habari nyingine. Huyu mtoto apunguze muda nusu, aache lava iwe giza. Mlima utatokea.

#31 Mukebe243

Muzee, hesabu inaonyesha muda wake ni sahihi. Karatasi ina kasi ya 6 hivi kwa kipimo cha ISO. Kwa jua kali na tundu la 16 (urefu wa kamera ukigawanywa kwa upana wa tundu) ungetoa sehemu moja ya sita ya sekunde. Kamera yake ni 100 gawanya kwa 0.35, yaani tundu la 286. Hiyo inazidisha muda mara 320, unapata sekunde 53. Dakika moja iko palepale.

#32 Fundi_Mwanga

Hesabu yako inapimia nini? Kitu chenye mwanga wa katikati. Mlima wa mbali si kitu cha katikati, unakaribia mbingu.

#33 YayaNguba

Muzee ana hoja hapo. Karatasi ina uwezo mdogo wa kubeba giza na mwanga kwa pamoja kuliko filamu. Kuna njia ya kupata vyote: kabla ya kuingiza karatasi kwenye mukebe, iangazie kidogo sana kwa taa hafifu ya juu, muda ambao peke yake usingeacha hata kijivu ukiisafisha kwa dawa. Ile karatasi inakuwa imeamka tayari; vivuli vinajaa kwa mwanga mdogo, na wewe unapunguza muda bila kupoteza lava. Inataka kujaribu vipande vidogo labo kwanza, kila taa ina tabia yake.

#34 Kahawa_ya_Kabare (Bukavu)

Naomba kuuliza nje ya mlima. Dawa ya kusafishia, ile ya kuitokeza picha, mnaipata wapi? Mimi nasikia watu wanatumia kahawa.

#35 YayaNguba

Kahawa ni kweli kabisa. Ilifanyiwa majaribio darasani Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995, na tangu hapo watu wameiboresha. Unahitaji kahawa ya unga inayoyeyuka, ile ya bei nafuu; magadi ya kufulia; na vitamini C ya famasi. Kinachofanya kazi si kafeini, ni asidi nyingine iliyomo kwenye kahawa, ndiyo maana kahawa nzuri ya arabika ya kwetu haina faida ya pekee hapo. Kanywe hiyo.

Ukikosa magadi ya kufulia, chukua baking'i soda, ikaange kwenye sufuria kavu ukikoroga. Inatoa mvuke na gesi, inabadilika. Ikishatulia bila kutoa vipovu, iko tayari. Harufu ya labo yako haitakuwa nzuri, fungua dirisha ukishamaliza.

#36 Kahawa_ya_Kabare

Na ya kukazia?

#37 Nesi_wa_Radio

Ya kukazia inunuliwe, au iombwe chumba cha radio kwenye mashine za zamani. Chumvi ya jikoni iliyokolea inaweza kukazia karatasi, lakini polepole sana, acha siku nzima au zaidi, na matokeo si ya kuaminika. Na maji yaliyotumika kukazia yana madini ya fedha ndani yake, msiyamwage ziwani.

#38 Pwani_Tulivu

Na zile kamera za kuacha miezi? Nimeona picha za njia za jua angani, mistari mingi.

#39 YayaNguba

Hizo hazisafishwi kwa dawa kabisa. Karatasi inakaa ndani ya kopo miezi, jua lenyewe linaichora mpaka inaonekana kwa macho, kisha unaskani mara moja, kwa sababu kila mwanga wa skana unaiharibu zaidi. Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, kopo liliwekwa kwenye kituo chao cha nyota mwaka 2012, likasahaulika, likaja kutolewa 2020 na picha ya miaka minane ndani yake.

Kwao Ulaya jua linachora pinde zilizolala. Kwetu hapa, elekeza kopo mashariki, mistari inapanda karibu wima, moja kando ya nyingine, kutoka upande wa Juni hadi wa Desemba. Hakuna Mzungu anayeweza kuipata hiyo nyumbani kwake. Ziba viungo vyote lakini, mvua ya Kivu ikiingia karatasi inaota ukungu.

#40 ChukuduYangu

Na usiku? Ule wekundu wa lava juu ya mlima ukionekana, mukebe si utauona bila hewa ya bluu?

#41 Nesi_wa_Radio

Wekundu ndio hasa karatasi na filamu zangu hazioni. Utaacha wazi mpaka asubuhi, utapata taa za Goma na hakuna mlima.

#42 Jiwe_la_Himbi

Habari mpya. Jana usiku ilinyesha sana, leo asubuhi hewa imeoshwa. Nimepiga kaskazini kwa nusu ya muda wa kawaida, karatasi imeangaziwa kidogo kama alivyosema YayaNguba. Bega la kushoto la mlima limetokea. Hafifu, kijivu kwenye kijivu, ila mstari upo, na unaona unapokatika pale juu kwenye mdomo. Upande wa kulia bado weupe.

#43 Fundi_Mwanga

Nusu ya muda. Nilisema.

#44 Mwalimu_Fizikia

Mvua iliosha hewa, Muzee. Tena bega la kushoto, jua likiwa kulia. Hiyo ni hewa.

#45 Mtu_wa_Sake

Upepo ulikuwa wapi leo? Huku asubuhi hatukusikia gesi hata kidogo.

#46 Mukebe243

Mmebadilisha mambo matatu kwa pamoja, sasa kila mtu anadai ushindi. Jiwe, chukua mikebe miwili yenye matundu sawa, uiweke bega kwa bega. Mmoja muda kamili, mwingine nusu, karatasi zote hazijaangaziwa. Siku nyingine mmoja na njano, mmoja bila. Andika mwezi, saa, upepo na kama kulinyesha.

#47 Jiwe_la_Himbi

Nitafanya. Mukebe wa pili ninao. @Nesi_wa_Radio ile filamu ya kijani, naweza kuja kuona vipande viwili vitatu?

#48 Nesi_wa_Radio

Njoo na bahasha nyeusi na boksi lenye kifuniko kizuri. Nitakukatia chini ya taa. Uwe na kioo cha beseni tayari.

#49 YayaNguba

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne ni siku ya kamera za tundu duniani, inafanyika tangu 2001. Napendekeza tupige siku moja: Goma mlima, sisi rasi za ziwa hapa Bukavu, MwanaKamalondo terril yake. Karatasi ya aina moja, tulinganishe.

#50 MwanaKamalondo

Niko. Nitasogea mbali hadi terril ianze kupotea, halafu napima ni kilomita ngapi. Mwalimu ataniambia kama hesabu yake inafika.

#51 Mwalimu_Fizikia

Hiyo ndiyo data ninayoitaka. Piga saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kutoka sehemu ileile, jua likiwa pande mbili tofauti.

#52 Kahawa_ya_Kabare

Baking'i soda nimeikaanga. Imetoa mvuke, sasa imetulia kama YayaNguba alivyosema. Naweka vijiko vingapi kwa lita?